Uvimbe Usiohitaji Kisu

Masumbwe kuna vikohozi vya kila aina. Kuna cha vumbi la kiangazi, pale malori yanayokwenda Rwanda na Burundi yanapopishana kwenye barabara kuu. Kuna cha moshi wa kuni. Kuna cha vijana wa karasha wanaosaga mawe ya dhahabu kutwa nzima, pua wazi, kope zimepauka. Na kuna kile cha wiki kadhaa, cha jasho la usiku na mwili kupungua, ambacho mgonjwa hukitaja mwishoni, akiwa ameshainuka kuondoka. Nilipokuwa afisa tabibu maeneo yale, nilijizoeza kumuuliza kila mtu kuhusu kikohozi, hata aliyekuja kwa ajili ya tumbo. Hasa huyo wa tumbo.

Aliyenifundisha hivyo ni mama mmoja muuza chakula. Alikuwa na banda la wali na maharage karibu na mwalo, pale wachimbaji wanapooshea mchanga wao, na mume wake alikuwa mtu wa maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu. Miaka ya nyuma alibadilishiwa valvu ya moyo Dar es Salaam, akawekewa ya chuma. Ugonjwa wake ulianza utotoni, kama ulivyoanza kwa wengi: vidonda vya koo visivyotibiwa, kisha viungo kuvimba na kuuma, kisha moyo. Mwenye valvu ya chuma hunywa warfarini maisha yake yote, ile ambayo wagonjwa huiita dawa ya kuyeyusha damu, ili damu isigande juu ya chuma na kipande chake kikaenda kuziba mshipa wa ubongo. Zamani upasuaji wa namna hiyo ulimaanisha safari ya India. Tangu Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete ianze kujitegemea mwaka 2015, wengi wanatibiwa hapa nchini. Wakipona wanarudi kwao, wanalima, wanapika, wanazaa, mbali na mashine zinazopima damu yao.

Aliletwa asubuhi na mapema kwa bodaboda, kabanwa katikati, dereva mbele na mama mkwe nyuma.

"Dokta, hii ni ngiri," mama mkwe alisema hata hajavuka mlango. "Imetoka usiku. Amekohoa, akapiga yowe, ikatoka."

Nikamwamkia, nikampa kiti. Mgonjwa mwenyewe alisema maneno machache tu: kikohozi kilimshika, kikamkunja, akasikia kitu kinachanika tumboni. Tangu hapo hawezi kunyooka.

Uvimbe ulijaa kiganja changu, upande wa kulia, chini ya kitovu. Ngozi ilikuwa safi, haina jeraha wala wekundu. Ngiri nyingi hurudi ndani ukizibonyeza mgonjwa akiwa amelala chali, na akikohoa husukuma kidole. Huu haukurudi, na alipokohoa haukusukuma. Ukingo wake ulikoma palepale kwenye mstari wa katikati ya tumbo. Nikamwomba akunje mikono kifuani, ainue kichwa mwenyewe bila kusaidiwa, ili tumbo likaze. Kitu kilicho ndani kabisa ya tumbo hapo hujificha nyuma ya misuli, na maumivu hupungua. Wake ulibaki vilevile chini ya vidole vyangu, na maumivu yakazidi hadi akashika mkono wa mama mkwe wake.

Vipimo hivi viwili vya mkono mtupu vina karibu miaka 100, na vyote vilielezwa katika mwaka mmoja, 1926. Fothergill, daktari wa wanawake wa Manchester, aliandika juu ya uvimbe wa damu katika ukuta wa tumbo unaodhaniwa kuwa uvimbe wa nyonga: hauvuki katikati, na tumbo likikazwa haupotei. Carnett wa Marekani akaandika juu ya maumivu: yakizidi mgonjwa anapokaza tumbo, chanzo kiko ukutani, hakiko ndani. Hakuna mashine hapo. Kuna kitanda, kichwa cha mgonjwa na mkono wa mtu aliyetulia. Ninavipenda vipimo hivi kuliko vingi nilivyofundishwa chuoni, kwa sababu vinafanya kazi Masumbwe sawasawa na vinavyofanya kazi London.

Tumbo la mbele linashikwa na misuli miwili mirefu, mmoja kulia na mwingine kushoto, kutoka chini ya mbavu hadi kwenye mfupa wa kinena. Kila msuli umevikwa utando mgumu kama kisu kilivyovikwa ala. Nyuma ya msuli, ndani ya ala, hupita mishipa ya damu, mmoja ukishuka kutoka kifuani na mwingine ukipanda kutoka nyonga. Mtu akikohoa kwa nguvu, akinyanyua mzigo au akijipinda ghafla, msuli hujikunyata kwa kasi na mshipa ukavutika. Ukichanika, damu huingia ndani ya ala. Juu ya kitovu ala ina kuta mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo damu hubanwa na mara nyingi husimama yenyewe. Chini ya kitovu, upana wa vidole vichache tu, ukuta wa nyuma unakoma. Kinachobaki nyuma ya msuli ni utando mwembamba. Damu ikifika huko haina kizuizi: huteremka hadi mbele ya kibofu, na nafasi iliyopo hapo inaweza kumeza lita nzima na zaidi kabla mtu hajaona chochote kwa macho. Michubuko ya zambarau kwenye ngozi huja baada ya siku kadhaa. Anayengoja kuiona ndipo aamini kwamba mgonjwa anavuja damu, amechelewa.

Uvimbe wa mama yule ulikuwa chini ya kitovu.

Mapigo ya moyo yalikuwa 120 kwa dakika, shinikizo la damu 90 kwa 60, na viganja vyake vimepauka. Nikachota damu kidogo, nikaiweka kwenye kichupa cha kioo kisafi na kikavu, nikakisimamisha juu ya meza na kutazama saa. Ni kipimo cha wagonjwa wa nyoka. Sisi wa ukanda huu tunakijua kwa sababu ya wanaoumwa na kifutu mashambani. Unangoja dakika 20 bila kukigusa, kisha unakiinamisha mara moja. Damu ya mtu mzima wa afya huwa imeganda. Si kipimo cha kupanga dozi ya warfarini, maana damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi na bado ikaganda humo. Lakini ikishindwa kuganda, jibu unalo.

Wakati tunangoja, mama mkwe alinieleza mpango wao. Wamemkodi dereva wa bodaboda hadi jioni. Wakitoka kwangu na dawa ya maumivu, wanampeleka kwa mfumu, mganga anayejua kutibu uvimbe wa namna hiyo: anaukanda kwa maji ya moto, anachanja chale juu yake na kupaka dawa. Alinieleza kwa uwazi na kwa heshima, kama mtu anayemweleza mwenzake wa kazi. Sikumbishia. Nilimwambia tungoje ile damu kwanza.

Dakika zilipotimia nikampa kichupa akiinamishe mwenyewe. Damu ikatiririka ubavuni mwa kioo kama ilivyoingia. Yule alikuwa mama wa Kisukuma aliyezeeka na ng'ombe. Amesimamia machinjo maisha yake yote, anajua damu inavyoganda kwenye beseni kabla hata ngozi haijamaliza kuchunwa. Akakiinamisha tena upande wa pili. Akanirudishia.

"Imeharibika," alisema.

"Imeharibika, mayu. Ukimchanja sasa, haitasimama."

Akamwita dereva, akamlipa, akamwambia aende zake.

Ningekuwa na nafasi siku ile ningemsimulia habari za ng'ombe, maana warfarini yenyewe ilitoka kwa ng'ombe. Miaka ya 1920, wafugaji wa Kanada na kaskazini ya Marekani waliona mifugo yao ikifa kwa kuvuja damu: ng'ombe anakatwa pembe au kuhasiwa, jeraha dogo tu, damu haikomi. Ilionekana kwamba walikuwa wamelishwa majani makavu ya klova yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin aliendesha gari kwenye theluji hadi chuo kikuu, akiwa na ng'ombe aliyekufa na ndoo ya maziwa iliyojaa damu isiyoganda. Alimkuta mwanakemia Karl Paul Link. Ilimchukua Link na wenzake miaka kadhaa kuipata kemikali iliyokuwa kwenye majani yale. Mwaka 1948 dawa ndugu yake ikauzwa kuua panya, ikapewa jina la warfarini, na miaka michache baadaye ikawa dawa ya binadamu. Rais Eisenhower aliitumia alipopata mshtuko wa moyo mwaka 1955. Nimewasikia wagonjwa wakiambiwa na majirani kwamba wanameza sumu ya panya, wakaacha dawa kwa hofu, wakapooza. Mimi huwaambia ukweli wote: ndiyo, ni ileile, na kwa dozi iliyopimwa ndiyo inayowaweka hai. Inazuia ini kutumia vitamini K kutengenezea vigandisha damu. Ikizidi, unakuwa kama wale ng'ombe.

Kwa nini ilizidi kwake? Hapo ndipo kikohozi kiliponipa historia yote. Mume alikuwa ameugua kifua kikuu, ugonjwa unaowaandama watu wanaovuta vumbi la mwamba mashimoni. Naye akaambukizwa, akaanzishiwa dawa za miezi sita. Ndani yake kuna rifampisini, na rifampisini hulichochea ini liivunje warfarini haraka. Kwa hiyo pale alipokuwa akihudhuria waliona damu yake inaanza kuwa nzito, wakampandishia dozi ya warfarini. Walifanya sawa kabisa. Kisha akamaliza dawa za kifua kikuu, akapongezwa, akarudi bandani. Rifampisini ikaisha mwilini na ini likarudi kwenye mwendo wake wa kawaida, ila dozi ya warfarini ikabaki ileile kubwa, na hakuna aliyempa tarehe ya kurudi kupima. Kikohozi kilikuwa bado kinamwandama, maana mapafu yaliyobaki na makovu hayaachi kukohoa siku moja. Wiki ile tumbo likamsumbua, akanunua Septrin dukani. Septrin nayo huipa warfarini nguvu. Na ilikuwa mwisho wa kiangazi. Mchicha na matembele yalikuwa yameadimika, na majani mabichi ndiyo yanayompa mtu vitamini K ya kupambana na dawa hiyo.

Vitabu huiita hali hii kuvuja damu kwa kujitokea, yaani bila kupigwa wala kuchomwa. Mimi siwezi kuitazama hivyo. Ukiifuata nyuma, kutoka kwenye mshipa uliochanika hadi kikohozi, hadi kifua kikuu, hadi shimo la dhahabu la mume, kila hatua ina mtu aliyekuwepo na angeweza kuuliza swali moja zaidi. Huo mkondo mzima ungeweza kukatizwa kwa INR, kipimo kinachoonyesha damu inachelewa kuganda kiasi gani, wiki mbili tatu baada ya dawa za kifua kikuu kwisha. Kwa mwenye valvu ya chuma iliyowekwa mahali ilipo yake, INR inatakiwa iwe kati ya 2.5 na 3.5. Yake ilipopimwa Mwanza, mashine ilishindwa kuisoma kwa jinsi ilivyopanda.

Nirudi kitandani. Tiba ya kwanza ni mambo ya kujizuia. Kwenye vituo vyetu mgonjwa wa maumivu makali huchomwa diklofenaki kwenye tako kabla hajamaliza kujieleza. Kwa mtu huyu ni hatari mara mbili: dawa hiyo huvuruga chembe za kugandisha damu, na sindano yenyewe ya msuli inafungua mahali pengine pa kuvujia. Aspirini na ibuprofeni vivyo hivyo. Alipewa parasetamoli na dozi ndogo ya dawa kali kupitia mshipa. Alilazwa chali, magoti yakapandishwa juu ya blanketi lililokunjwa ili tumbo lilegee. Muuguzi alivuka barabara akaleta pakiti za barafu kutoka kwenye friji la muuza soda, tukazifunga kwenye khanga na kumwekea juu ya uvimbe. Hakuna kukanda, hakuna maji ya moto. Na nilichukua kalamu ya wino nikachora mpaka wa uvimbe juu ya ngozi, kuuzunguka wote, na kuandika saa pembeni yake. Mstari ule ndio uliokuwa altrasaundi yetu.

Vitamini K ilikuwepo kwenye wodi ya wazazi, vile vichupa vidogo vya watoto wachanga. Lakini kwa mwenye valvu ya chuma huwezi kumwaga tu. Ukiirudisha damu kwenye uzito wake kwa ghafla na kupita kiasi, valvu inaweza kuziba, na warfarini ikija kuanzishwa tena haitashika kwa siku nyingi. Nilimpigia daktari wa moyo, tukakubaliana kiasi, tukampa polepole kwenye dripu. Vitamini K haifanyi kazi papo hapo. Ini linahitaji saa nyingi kutengeneza vigandisha damu vipya. Kinachosaidia haraka ni plazima, na plazima haikuwepo karibu. Kwa hiyo safari ya Mwanza.

Mwaka ule hakukuwa na daraja Busisi. Tulipita Geita, na nilipofungua khanga chini ya taa ya gari mstari wangu wa wino ulikuwa umeachwa nyuma upana wa vidole viwili. Damu ilikuwa bado inatoka. Kivukoni gari la wagonjwa hupewa nafasi ya mbele, lakini kivuko kikiwa ng'ambo ya pili unangoja tu, umeshika mkono wa mgonjwa unahesabu mapigo, ziwa jeusi mbele yako. Leo Daraja la J. P. Magufuli, la kilomita 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025, linavukwa kwa gari kwa dakika chache. Watu wanaolizungumzia kwa hesabu za mizigo na dagaa wako sahihi. Mimi nalihesabu kwa chupa za damu.

Mwanza siti skani ilionyesha nilichokiogopa: damu imejaa msuli, imeteremka, imekaa mbele ya kibofu. Mwaka 1996 Berna na wenzake waliligawa tatizo hili katika daraja tatu kwa picha za namna hiyo. Ya kwanza, damu iko ndani ya msuli wa upande mmoja. Wengi hupona kwa kupumzika. Ya pili, imeingia upande wa pili au imepenya kati ya msuli na utando. Ya tatu, imefika mbele ya kibofu au ndani ya tumbo lenyewe. Huyo anahitaji kulazwa, kuongezewa damu na kukeshewa. Alikuwa wa daraja la tatu. Akapewa plazima, akapewa damu. Wachimbaji wenzake na mumewe walikuja kuchangia, baadhi wakakataliwa baada ya kupimwa, na niliona jinsi walivyoumia, maana walikuwa wamekuja na nia kamili.

Ndugu walitegemea upasuaji. Kwa watu wetu hospitali kubwa ni mahali pa kupasuliwa. Umepelekwa mbali hivyo, hupasuliwi, basi wamekukatia tamaa. Shemeji yake alinivuta korido akaniuliza kama tatizo ni pesa. Nikamweleza alichonieleza daktari wa upasuaji: damu ile iliyobanwa ndiyo inayokibana chanzo chake. Ukifungua, shinikizo linaachia, mshipa unaanza upya, na kuutafuta katikati ya msuli uliolowa damu ni kazi ngumu sana. Tena unakuwa umefungua mlango wa vijidudu. Kisu kina nafasi yake: damu ikigoma kusimama hata baada ya plazima na chupa kadhaa, uvimbe ukioza, au tumbo likijaa hadi kubana viungo vya ndani. Kuna njia ya kati pia, ya kupitisha mrija mwembamba kwenye ateri kuanzia kinena na kuuziba mshipa unaovuja kwa ndani bila kupasua. Tangu 2018 wataalamu wamekuwa wakifundishwa kazi hiyo Muhimbili kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Yale cha Marekani. Mtu wa Masumbwe bado yuko mbali sana nayo.

Usiku wa pili mkojo ulipungua. Hilo ndilo tatizo ambalo watu hawalitarajii kwenye uvimbe wa ukuta wa tumbo. Figo zinakosa damu kwa sababu imetoka nje ya mishipa, na wakati huohuo uvimbe unabana kibofu na kupandisha shinikizo tumboni. Mtu wa kilo 60 anatakiwa kutoa angalau mililita 30 kwa saa; mfuko wake ulionyesha chini ya nusu ya hapo, mkojo wa rangi ya chai. Waliongeza damu, wakapima shinikizo kupitia kibofu, wapasuaji wakaja wakasimama kitandani na wakaondoka bila kufanya lolote. Kusimama kule na kuondoka ni tiba. Inahitaji ujasiri kuliko kupasua, kwa sababu ndugu wanatazama. Kulipokucha mfuko ulikuwa umejaa.

Nimeona pia upande mwingine. Kijana mmoja mvuta winchi kwenye duara alipata uvimbe kama huo baada ya kuvuta mzigo uliokwama. Hakuwa na warfarini, alikuwa na nguvu zake, na daraja lake bila shaka lilikuwa la kwanza. Angelala wiki moja akapona. Mahali fulani alikopita kwanza, uvimbe ulidhaniwa kuwa jipu na ukachanwa. Ikatoka damu nyeusi na mabonge, pakafungwa bandeji, akaambiwa arudi kusafishwa. Aliponijia alikuwa na homa, usaha unachuruzika, na sehemu ya msuli imekufa. Huyu ndiye aliyehitaji kisu kweli, kuondoa nyama iliyooza, na kisu ndicho kilichomfikisha hapo. Alipona, ila hakurudi kwenye winchi.

Na kuna wajawazito. Mimba ikikua, misuli ya tumbo huvutika na mishipa yake pia, na kikohozi cha miezi ya mwisho kinaweza kuichana. Mama anakuja na maumivu makali ya ghafla upande mmoja, tumbo gumu, amepauka. Kila mhudumu atafikiria kondo limeachia au mfuko wa uzazi umepasuka, na ni sawa kufikiria hivyo kwanza, kwa sababu hayo huua haraka zaidi. Lakini altrasaundi ikionyesha mtoto anacheza na kondo limeshika, mkono urudi kwenye ukuta wa tumbo, kichwa kiinuliwe. Mmoja niliyemwona tulimpigia 115, namba ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga ambao majaribio yake ya awali yalifanyika huku kwetu Kanda ya Ziwa. Gari lilikuja. Alijifungua kwa njia ya kawaida mimba ilipotimia, uvimbe ukiwa umeshaanza kunywea.

Wakati wa korona nilisoma ripoti kutoka nchi nyingi za tatizo hilihili: wagonjwa wanaokohoa mchana na usiku, huku wakichomwa heparini ili damu isigande mapafuni. Kikohozi na dawa ya damu, vitu vilevile viwili vya banda la wali na maharage.

Mama yule aliporudi tumbo lake lilikuwa limegeuka rangi, zambarau kisha kijani kisha njano, hadi kwenye paja. Uvimbe wa namna hiyo huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kunyonywa na mwili. Warfarini alianzishiwa tena hospitalini, damu ilipotulia kwa siku kadhaa, baada ya kutanguliziwa heparini inayoweza kuzimwa haraka. Mumewe aliuliza kama haiwezekani kuiacha kabisa baada ya yote yaliyotokea. Haiwezekani. Yule mama alilijua hilo kuliko sisi wote. Alisema anaisikia valvu yake usiku, inagonga, na anajua inachotaka.

Kilichobadilika ni mambo yanayoizunguka. Ana daftari lenye tarehe za INR, na nauli ya kwenda kupima inatolewa kwenye faida ya banda kabla ya kodi. Majani anakula kwa kiasi kilekile, masika na kiangazi. Kiangazi hutumia nsansa, mboga ya majani makavu aliyoianika mwenyewe. Akikohoa hulalia upande, akibana mto tumboni. Mimi nilizunguka kwenye maduka ya dawa muhimu ya pale mjini na karatasi ya dawa zinazogombana na warfarini: Septrin, Flagyl, flukonazoli, erithromaisini, diklofenaki, aspirini, na kando yake rifampisini, kwa kuanza na kwa kumaliza. Wengine waliipokea kwa adabu tu. Muuzaji mmoja, dada kijana, aliibandika ndani ya mlango wa kabati la Septrin, na sasa mteja wa kuhara au wa kifua huulizwa kwanza kama ana kadi ya moyo.